Mwalimu Aliyekufa kwa Series Akaishi kwa Muvi

Nimekabidhi maiki. Vijana niliowaachia video, kile kibanda cha kuonyesha picha pale Soweto West, Kibera, wameniomba niandike vile tulikuwa tunafanya kazi, kwa sababu wanasema nikiongea hawashiki kila kitu. Hawashiki kwa sababu wanachezea simu. Lakini sawa, nitaandika. Shule mimi niliiacha darasa la tatu huko Kitui, na sijaona bado mahali ilininyima kitu. Nimetafsiri Kichina, Kihindi, Kijapani na Kizungu cha Marekani mbele ya watu maisha yangu yote, na kati ya hizo lugha sijui hata moja. Anayesema huo ni ujanja, awakalishe watu wa mjengo, vibarua wa kujenga nyumba, kwenye benchi isiyo na mgongo, jua likiwaka juu ya mabati, wasitoke mpaka mwisho. Akiweza, aje tuongee.

Nilianza kwa kubeba. Nilikuwa nabeba marobota ya mitumba Soko la Toi, na mvua ikinyesha hakuna kazi, naingia video kutafuta mahali hapavuji. Mwenye video alikuwa Mzee Daudi. Ujana wake aliumalizia kwenye gari la sinema, lile lilikuwa linazunguka vijijini likionyesha watu matangazo ya sabuni na dawa ya mende kabla ya picha yenyewe. Huko ndiko alijifunza kutafsiri. Siku moja sauti ikamkauka katikati ya muvi ya Kichina, akanyoosha mkono wenye maiki gizani, na aliyekuwa karibu ni mimi. Sikuuliza maswali. Nikaona mtu wa ndevu ndefu anafungua mdomo, nikasema, "Leo utanijua, na mama yako atakujua upya!" Watu wakapiga benchi. Mzee Daudi hakuichukua ile maiki mpaka picha ikaisha. Kesho yake nikamwambia mwenye marobota atafute mgongo mwingine.

Aliyonifunza Mzee Daudi hamtayapata kwa simu. Subiri mdomo ufunguke ndio uanze, na unyamaze kabla haujafungwa. Mtu akilia usitafsiri, kila mtu anajua kulia. Mtu mbaya usimpe sauti ya simba, mpe sauti ya mwenye nyumba amekuja kuuliza kodi, watu wataogopa vizuri zaidi. Majina ya wenyewe achana nayo, hayakai mdomoni. Mwite mtu kwa kitu amevaa au kitu anafanya. Na kubwa ya zote alikuwa ananiambia, "Kioko, usibishane na picha. Picha ikionyesha mtu ameanguka, ameanguka. Kazi yako ni kusema kwa nini."

Alipozeeka akarudi kwao, video ikabaki kwangu. Peke yangu nikaona haiendi. Watu wawili wakigombana kwa picha na sauti ni moja, mteja anachoka. Ndio nikampata Karanja. Alikuwa fundi wa redio upande wa Laini Saba, mrefu, mpole, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anakuambia ukae chini ule kwanza ndio useme shida yako. Kitu kimoja tu: Mkikuyu huyu, l zote kwake zilikuwa r. Kulala ni kurara, lakini ni rakini. Na mimi, Mkamba, r zangu zinajigeuza l zenyewe bila kuniomba ruhusa, hata kama hapa kwa karatasi naziandika sawa.

Siku tuliyojaribu maiki pamoja, Mama Akinyi aliingiza kichwa. Huyu ni mama wa kutoka upande wa ziwa, alikuwa anakaanga samaki mlangoni petu, na hakuna kitu kilitokea ndani ya video bila yeye kukitolea maoni.

"Nyinyi wawili mkiunganiswa," akasema, "mtatoa mtu mmoja anajua Kiswahili."

Karanja akamjibu, "Na wewe sh yako uriiacha Kisumu?"

"Ilikwisia njiani."

Hivyo ndivyo tulikuwa. Wakati wa kampeni ilizidi. Karanja akimwambia mtu aende kula, mtu anasikia kura, watu wanamwuliza anapigia nani debe. Mimi nikisema nimechukua kadi ya kura, wananiuliza ni hoteli gani hiyo inapeana kadi ya kula. Tulicheka sana na hizo herufi mbili. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli tulicheka.

Katuni za Kijapani tuliletewa na Brayo, jamaa aliyekuwa anauza DVD pale Toi. Mara ya kwanza nilimkatalia. Nikamwambia katuni ni ya watoto, mimi wateja wangu wana ndevu. Akasema, "Buda, beba hii moja tu. Ikikosa kubamba, watu wasiipende, unirudishie." Sikumrudishia. Ilikuwa series ndefu, ya shule ya wapiganaji juu ya mlima. Mkubwa wao alikuwa anapigana kwa ufagio, na asipopigana anafagia. Tukamwita Mwalimu. Mwanafunzi wake alikuwa anakimbia mbio zote amevaa ndara, tukamwita Kandambili. Adui alikuwa mtu wa kukaa kwa kiti wengine wakiwa wamesimama, huyo tukamwita Chairman, hakuhitaji maelezo. Karanja akachukua Mwalimu. Mimi nikachukua Kandambili na Chairman na kila mtu wa kupigwa.

Tulikuwa tunaiweka jioni, watu wakitoka vibarua, walinzi wakielekea kazini. Sauti ya Karanja ilimgeuza yule Mjapani akawa mtu wa hapa. "Kandambiri," anamwambia, "haujakura. Mtu hawezi kupigana na njaa na Chairman siku moja." Maneno hayo hayakuwa kwenye picha. Kwenye picha mtu alikuwa anafagia tu. Lakini mtu ametoka kubeba mawe tangu asubuhi, akiambiwa hivyo gizani, anaona ameambiwa yeye. Wajaluo wa mjengo wakikutana na Karanja njiani wanamwita "Mwarimu!", na hiyo r wanaipiga kama yake, kwa mapenzi.

Halafu kwa series Mwalimu akakufa. Kwanza Chairman alimkata mkono wa kushoto. Baadaye, kwenye daraja, akammaliza, na Mwalimu akakufa amesimama, ameegemea ufagio. Karanja hakumpa neno hata moja. Alizima maiki akaiweka magotini. Mama Akinyi akauliza kutoka mlangoni, "Mwalimu amekwisa?" Nikamwambia amekwisha. Akatoa karai lake kwa moto, na samaki hakuuza tena siku hiyo. Kesho yake walinzi wawili walikuja kuniuliza matanga yanakaliwa kwa nani. Walikuwa wanatania. Lakini pia hawakuwa wanatania.

Sasa ndio nifike kwa ile shida mnaniuliza kila mara, ya muvi kukataana na series yake. Haikuanza na nyinyi.

Kabla ya uchaguzi wa elfu mbili na saba, Brayo alituletea diski ya kifuniko cha dhahabu. "Ni muvi ya ile series," akasema. Mimi na Karanja hatukuwa tunaonyesha kitu kabla ya kukiangalia wenyewe asubuhi, na huo ni mwenendo nawaomba muushike. Tukaiweka. Haikuchukua muda, mlango ukafunguka kwa picha, na nani anaingia na ufagio? Mwalimu. Mikono yote miwili.

Nikasimamisha diski. "Hii ni ya zamani," nikasema. "Ni kabla hajakufa."

"Haiwezekani," Karanja akasema. "Kandambiri amepiga ire teke ya upepo. Arijifunza baada ya kumzika Mwarimu."

"Basi ni baada."

"Baada, na mkono umetoka wapi?"

"Umemea."

"Kioko, mkono si sukuma wiki."

Tukaendelea. Mambo yakaharibika zaidi. Chairman, yule muuaji, amekaa na Mwalimu wanakula sahani moja, kwa sababu kuna adui mkubwa zaidi anatoka baharini. Mji wote unaungua. Mwisho adui anashindwa, mji unajengwa ndani ya wimbo mmoja, wanaagana. Na kwa series, kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakuna mtu hata mmoja anataja kwamba mji uliwahi kuungua.

Tulienda kwa Brayo kama watu waliouziwa mbuzi mgonjwa. Yeye akacheka. "Mabuda, hizo ni muvi za pembeni. Story inaandikwa na msee mmoja, muvi inapewa wasee wengine. Wanaitengeneza series ikiwa bado inasonga, hawajui nani atadedi. Tena wanajua watu wanapenda Mwalimu, so lazima wamweke. Haiingii kabla, haiingii baada. Iko kivyake."

"Kwa hivyo ni uongo?" Karanja akauliza.

"Zote ni uongo, mzee. Ni katuni."

Tangu siku hiyo nimeona za kila aina. Nimeona muvi inachukua series nzima inaifinya, halafu inabadilisha mwisho kwa sababu mwisho wenyewe ulikuwa haujaandikwa. Nimeona shujaa anaua adui wa kumeza jua, na wiki inayofuata kwa series anasumbuliwa na mwizi wa kuku. Nimeona watu hawajawahi kukutana kwa series, kwa muvi ni marafiki wa utotoni. Watengenezaji hawajali. Sisi ndio tunakaa na watu, na watu wanakumbuka.

Mimi nilitaka kuziba. Nilimwambia Karanja tuseme ni ndoto ya Kandambili, au tuseme huyu ni pacha wa Mwalimu. Karanja akakataa kabisa. "Watu wakiuriza, tuwaambie hatujui. Rakini waache wamwone." Tukabishana siku nzima. Mwisho tukakubaliana tuiweke baada ya uchaguzi, watu wakiwa wametulia na wako likizo.

Uchaguzi ukafanyika. Matokeo yakasomwa. Sitawaandikia mambo mliyoyaona na macho yenu. Toi iliungua. Kwangu nitaandika tu lile la herufi.

Kulikuwa na vizuizi kwenye vichochoro, na watu walikuwa wanasimamishwa na kuambiwa waseme neno. Neno la kawaida, la jikoni. Vile ulivyolitamka ndio kitambulisho cha kabila lako. Mimi nilisimamishwa kila upande, na kila upande walinipitisha wakinitazama vibaya. Karanja hangeweza kusema "kulala" hata ukimshikia kisu, na visu walikuwa navyo. Kati ya waliovunja duka lake la redio kulikuwa na watu wa benchi zangu. Niliwaona. Hawakuwa wanamchukia. Mmoja alikuwa anamwambia, "Mwalimu, toka tu mapema, usiumizwe," huku anatoa redio za watu nje. Hiyo nimeiangalia kutoka kila upande, na mpaka leo sijui niiweke wapi.

Aliyemtoa Kibera ni Mama Akinyi. Alitangulia mbele na beseni la samaki kichwani, mchana, polepole, Karanja nyuma yake. Alimwambia, "Usiseme kitu. Mtu akikuuliza, nitajibu mimi. Nikikuuliza mimi, wewe kohoa." Akakohoa mpaka barabara ya Ngong. Mtu mwenye ile sauti. Akaishia kwa dada yake Kawangware, na chumba chake hakikumaliza wiki bila mpangaji mwingine.

Wakubwa walipopeana mikono kwenye televisheni, nikafungua video tena. Watu walikuja, wakakaa, hawakutaka vita wala ngumi. Walikuwa wamesikia kutoka kwa Brayo, ambaye sasa alikuwa anauza juu ya gunia, kwamba kuna muvi Mwalimu yuko hai. Ochi, fundi wa mawe, mtu wa benchi ya mbele, ndiye aliongea. "Buda Kioko, tuwekee hiyo."

"Kwa series alikufa," nikasema. "Mlilia hapa."

"Tunajua alikufa. Wewe weka."

Nikaweka. Mlango ukafunguka kwa picha, Mwalimu akaingia na ufagio, na watu wote wakasimama. Sijawahi kusikia kelele kama ile, hata kwa mpira. Halafu Mwalimu akafungua mdomo, na sauti ikawa yangu. "Kandambili, kalibu."

Watu wakakaa tena, mmoja mmoja.

"Huyo si Mwalimu," Ochi akasema.

"Mwalimu amehamia Kitui!" mwingine akasema nyuma, na watu wakacheka.

"Mzee, fanya ile yake. Ile ya kurara!"

"Ee! Rara! Rara, Mwarimu!"

Wakaanza wote, wanagonga benchi, wanaita r, wanacheka. Watu wale wale, mahali pale pale. Nikazima diski. Nikawasha balbu.

"Mwenye hiyo r yuko Kawangware," nikawaambia. "Mnajua vile alitoka. Redio zake ziko kwa nyumba zenu zinaimba. Mwenyewe mlimtoa, sasa mnataka sauti ibaki? Mimi simwigi mtu. Nendeni nyumbani."

"Mzee, si sisi wote," Ochi akasema.

"Sikusema wote. Nimesema nendeni."

Wakatoka. Nilidhani nimemaliza maneno. Mama Akinyi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Umeongea vizuri," akasema. "Sasa nani ataenda kumwita?"

"Kumwita?"

"Si umesema yuko Kawangware? Hukusema yuko mbinguni."

Nikaenda. Kule, kila mtu aliyenipita alikuwa anaongea Kikuyu, na mimi ndiye nilikuwa natembea nikiwa nimefunga mdomo. Nilimpata ameketi kwa kigoda mbele ya nyumba ya dada yake, anatengeneza chaja za simu. Alikuwa amekonda.

"Kioko. Umekuja na miguu?"

"Nimekuja na maneno. Wanakutaka."

"Nani?"

"Watu wa benchi. Niliweka ile muvi. Wamekataa Mwalimu wangu."

Akaendelea kuchomelea waya. "Ochi yuko?"

"Yuko."

"Harafu wanataka nikuje niseme 'Kandambiri, haujakura.'"

"Ee."

"Series irisema Mwarimu arikufa. Muache arare."

"Kwa muvi yuko hai, Karanja. Ni wewe ulisema tuwaache wamwone."

Ndio akaweka waya chini. "Nirisema hivyo kabra. Sasa sikiriza. Kwa ire muvi mji unaungua, si ndio? Unaungua wote. Harafu unajengwa, wanaagana, na ukirudi kwa series hakuna mtu anauriza kitu. Kandambiri anakuja darasani kama kawaida. Hiyo ndiyo wanataka. Nikuje, tucheke, harafu iwe hakuna kitu kirifanyika. Mimi chumba changu kina mtu mwingine, Kioko. Nitakaa wapi kwa hiyo hadithi?"

Nikamwambia ukweli wangu. "Wao sijui wanataka nini. Mimi nataka mtu wa sauti ya pili. Nimechoka kujigombanisha mwenyewe."

Akacheka. Dada yake akatoka ndani akijifuta mikono, akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia. "Mzee, akienda huko na akose kurudi, nitakuuliza wewe. Kwa jina lako."

"Niulize," nikasema.

Karanja akasema atakuja mara moja, mchana, na Mama Akinyi amngoje Toi atembee naye. "Rakini umwambie," akasema, "safari hii sikohoi."

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani. Video ilijaa mpaka wengine wakasimama. Wote tulijua kitu kinachoweza kutokea. Njia ya kutoka ilikuwa moja, na mtu mmoja mjinga angetosha. Karanja alipoingia hakuna aliyepiga makofi. Walimwachia njia tu. Ochi alitoka benchi ya mbele akaenda kukaa nyuma, hakuna aliyemwambia. Tukakaa vile tulikuwa tunakaa siku zote, mimi kulia, yeye kushoto.

Mlango ukafunguka kwa picha. Mwalimu akaingia. Karanja akangoja mdomo.

"Kandambiri," akasema. "Haujakura."

Watu wakatoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Wengine walikuwa wanacheka, wengine nadhani hapana.

Tukaenda vizuri mpaka kwa kile kipande cha mlimani, Mwalimu na Kandambili wameketi peke yao kabla ya adui kufika. Kwa picha yenyewe nafikiri walikuwa wanaongea mambo ya mvua. Hatukuwa tumepanga kitu, hatukuwahi kupanga. Karanja akatangulia.

"Unaniangaria hivyo kwa nini?" akasema kwa sauti ya Mwalimu. "Uriambiwa nirikufa?"

Kwa picha, Kandambili akafungua mdomo. Hapo ni kwangu. Mimi sijawahi kukosa neno tangu siku ile ya mtu wa ndevu. Mdomo ukafunguka, nikakosa. Ukafungwa. Ukafunguka tena, na watu wote wananingoja.

Mama Akinyi akasema kutoka mlangoni, "Pole, Mwalimu."

Mwingine kwa benchi akasema, "Pole, Mwalimu." Halafu wengine. Hawakupiga kelele, walisema kila mtu kwa wakati wake, kama watu wanapita mbele ya mfiwa. Mdomo wa Kandambili ulikuwa unaenda kwa picha, na wao ndio walikuwa sauti yake. Kutoka nyuma nilimsikia Ochi. Pole yake ilichelewa, ikawa peke yake.

Karanja akangoja mdomo ufungwe. "Haya," akasema. "Simama, ujipanguse. Adui amefika." Na kweli alikuwa amefika, anatoka baharini na moto kichwani, na tukarudi kazini. Hakuna mtu aliyeuliza mkono wa Mwalimu ulitoka wapi.

Nimefikiria lile neno kuliko maneno yote niliyowahi kusema kwa maiki. Samahani ni ya mwenye makosa peke yake. Pole ni ya kila mtu. Aliyekukanyaga anasema pole, na aliyeona ukikanyagwa anasema pole, na neno halina alama ya kuonyesha ni la nani. Siku ile Mama Akinyi, aliyemtoa na beseni kichwani, alisema neno moja na waliovunja mlango. Mtu akitaka kutafsiri hapo, atafsiri. Mimi nilishindwa.

Tulimsindikiza Karanja mimi na Mama Akinyi mpaka Toi, watu walipokuwa wanajenga vibanda upya kwa mbao nyeusi za moshi.

"Wamesema pole," nikamwambia.

"Nimesikia. Ochi arisema hata siku ire ya duka. Amebeba spika yangu kubwa kwa bega, akasema, 'Pore, Mwarimu.' Na haikuwa mchezo, nirimwona macho. Rakini spika arienda nayo."

"Na ya leo?" Mama Akinyi akauliza.

"Yako najua. Hizo zingine bado naziangaria."

Mama Akinyi hakumwachia hapo. "Basi rudi. Nitakutafutia chumba upande wangu. Nani atakugusa nikiwa hapo mlangoni?"

Karanja akasimama kando ya kibanda kimoja. "Mama," akasema, "hapa kukaa ni kama series. Unaamka nao, unarara nao, kira siku, mpaka mwisho. Hiyo siwezi. Rakini muvi ikitoka, niiteni. Nitakuja, niseme, nirudi."

Na hivyo ndivyo ilikuwa. Vyombo vyake vya kazi vilibaki Kawangware na yeye mwenyewe akabaki Kawangware. Kwa series nilitafuta watu wengine wa sauti ya pili, wazuri na wabaya. Lakini kila muvi ya pembeni ilipotoka, ile ya wafu kutembea na mikono kumea, nilituma neno, na Karanja alikuja mchana akafanya kazi akaondoka kabla ya giza. Ochi alikuja kila mara. Walianza kusalimiana mwaka mwingine, salamu tu, mimi niliona. Spika sikuwahi kuiona ikirudi.

Wateja wapya wakauliza ile series ya zamani, ya Mwalimu, tuianze tena kutoka mwanzo. Nikampelekea Karanja habari. Akasema series hagusi, hasa lile daraja. Nikaifanya mimi, mpaka mahali ameegemea ufagio, na watu wakazoea.

Sasa nyinyi mnaniuliza kwa nini kwa diski zangu za zamani, zile tulizorekodi tukitafsiri, mtu mmoja ana sauti mbili, na mnataka kuzisawazisha kwa kompyuta. Msiguse. Hapa Soweto West, Mwalimu akifa anakufa kwa sauti yangu. Akiwa hai, ni Karanja.